Adapta yenye chipu kwa lenzi ya kizamani: tunalipia nini hasa?

Jumapili usiku, hosteli.

 Najua nimepotea. TP ilinimaliza, na ilipoisha tu nikaunganisha kwenda nyumbani Maparoni kusalimia wazee. Wenye kumbukumbu wanajua kwetu ni delta, Rufiji ya zamani kabla Kibiti haijamegwa ikawa wilaya yake. Huko ratiba haipangwi na saa, inapangwa na maji. Yakijaa unasafiri, yakitoka boti inakaa kwenye tope na wewe unakaa nayo, mnatazamana na mikoko. Kwa hiyo nimerudi chuo siku mbili baada ya wenzangu, na nimerudi na mada.

Leo sisemi habari za ualimu. Nataka kusema jambo ambalo mie na jamaa yangu wa Fizikia tumebishania mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Ni hivi. Una lenzi ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, unataka kuifunga kwenye kamera ya dijitali. Unaenda Kariakoo unakuta adapta za aina mbili. Moja ni pete kavu ya chuma, basi. Ya pili ni pete ileile, ila pembeni imegundishwa kichipu chenye vidoti vya rangi ya dhahabu, vimepangana kama vipini vya puani. Mie niliambiwa ile kavu elfu 15, yenye chipu elfu 60. Tofauti elfu 45! Kwa mtu anayesubiri bumu hiyo siyo hela ya kuchezea, ni nauli ya kwenda nyumbani.

Swali: hiyo elfu 45 ina haki yake?

Msimamo wangu nautoa mapema msije mkasema nazunguka. Kwa wengi wetu, hapana. Kwa wachache, ndiyo, lakini si wale ambao muuzaji anawafikiria. Na mie niliyekuwa napiga kelele za hapana nimeishia kutoa hela mfukoni. Tulieni niwaeleze.

Nianze na mjomba. Mjomba wangu ndiye mpiga picha wa kwetu. Harusi, maulidi, mwali akitolewa ndani, mahafali ya darasa la saba, picha ndogo za fomu, zote ni yeye. Anapiga, anachaji kwa sola, kadi ya kamera inapelekwa Kibiti kusafishwa picha, bahasha zinarudi na boti. Kwenye miaka ya themanini alifanya vibarua Dar akanunua Zenit ya mkononi, kamera ya Urusi ya Kisovieti, na lenzi yake Helios 44-2, milimita 58, f/2. Namba za lenzi zinaanza na 81, na kwa lenzi nyingi za Kirusi tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa kutoka kiwandani. Maana yake ile lenzi ni ya 1981. Imenizidi umri, imemzidi umri hata mama yangu mdogo!

Siku hizi mjomba ana EOS 400D, kamera ya mwaka 2006 aliyouziwa imeshatumika. Ilikuja na lenzi ya kisasa ya kujilenga yenyewe, lakini chumvi ya bahari na vumbi la njiani vikaimaliza, ikawa inakoroma tu haizunguki. Ndipo tukaikumbuka Helios. Ilikuwa kabatini ndani ya soksi, imefungwa na mfuko wa nailoni. Nikaichukua, nikaahidi nitatafuta adapta.

Sasa tuingie kwenye kiini. Hivi vidoti vinafanya nini?

Mwaka 1987 Canon walipoleta EOS waliondoa vyuma vyote vya kusukumana kati ya kamera na lenzi. Zamani kamera ilikuwa inasukuma kijiti, kijiti kinafunga tundu la lenzi. Kwa EOS kila kitu kikawa umeme: kamera inauliza kupitia pini, lenzi inajibu kupitia pini. Wewe nani? Mie ni milimita 50. Tundu lako likoje? Liko hivi. Helios ya 1981 haina pini hata moja. Kamera ikiuliza inapata kimya, na kwenye kioo kidogo pale panapoandikwa namba ya tundu inaandika sifuri sifuri.

Je, ikipata kimya inagoma kupiga? Wala! Hapa ndipo wengi tunapigwa bei. Kwenye EOS yenye adapta kavu, ukiweka Av au M kamera inapima mwanga kama kawaida, kwa sababu inapima mwanga ulioingia kweli. Ukifunga tundu kwa mkono, mwanga unapungua, kamera inaona umepungua, inaongeza muda. Kazi imekwisha. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: ule mlio wa tii! na kile kidoti chekundu kinachowaka kukuambia hapa sasa pamekaa sawa. Kifaa cha kuhakikisha ukali wa picha kimo ndani ya kamera, chini ya kile kioo kinachoruka. Kizima kabisa. Ila kamera haikiamshi mpaka itajiwe kwamba kuna lenzi mbele.

Basi chipu kazi yake ni kutaja. Kwa Kiswahili cha nyumbani, inadanganya. Kamera ikiuliza nani huko, chipu inajibu: mie lenzi, milimita 50. Kamera inaridhika, inawasha kifaa chake, wewe unazungusha kwa mkono, pakikaa sawa inalia. Mwisho wa habari. Haizungushi lenzi kwa niaba yako. Haifungi tundu. Haiongezi ukali hata chembe, kioo ni kilekile cha 1981. Muuzaji mmoja aliniangalia machoni akaniambia ukiweka hii lenzi inajilenga yenyewe. Nikamuuliza, itajilenga na mota ipi kaka? Akageukia mteja mwingine.

Jambo jingine la uongo huo: kila picha utakayopiga, kwenye taarifa zake kamera itaandika zilezile ilizopewa na chipu. Ukiwa na chipu isiyobadilishika, leo umefunga 58, kesho 135, kamera inaandika 50 tu. Mtu anayejifunza kwa kusoma taarifa za picha zake anajifunza uongo. Bora sifuri sifuri ya adapta kavu, angalau inakiri haijui.

Jamaa yangu wa Fizikia hapa ndipo aliponirukia. Akasema, wewe huelewi kitu, bila chipu kamera haipimi mwanga kabisa, unapiga gizani. Tukabishana weee. Kumbe wote tuko sahihi! Yeye ana Nikon D3100 na lenzi ya zamani ya Nikon ya milimita 50. Kwenye Nikon zile ndogo (D40, D3100, D5100 na ndugu zao), lenzi isiyo na pini inakulazimisha ukae kwenye M, na kipima mwanga kinazimwa. Lakini kile kidoti cha kijani cha kuonyesha ukali kinaendelea kuwaka, bure, alimradi lenzi inafunguka hadi f/5.6 au zaidi. Yaani ni kinyume cha kwetu. Canon anakupa mwanga anakunyima kidoti, Nikon mdogo anakupa kidoti anakunyima mwanga. Na Nikon wakubwa kama D200, D300 na D7000 unaingiza namba za lenzi kwenye menyu, kipima mwanga kinarudi bila kununua chochote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakushauri kuhusu chipu, kwanza muulize ana kamera gani. Nusu ya ubishi inaishia hapo. Tena kwa wenye Nikon, msije mkanunua lenzi ya kuskurubu ya Zenit au Praktica mkitegemea pete tupu. Lenzi hizo zimetengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, Nikon ni 46.5. Ile milimita moja inatosha kukuharibia, vitu vya mbali havitakaa sawa mpaka adapta iwe na kioo chake ndani, na vioo vya bei poa vinafifisha picha. EOS ni 44, kwa hiyo pete nyembamba inatosha.

Na hata huyo wa Nikon, bado nasema ajaribu kwanza bila chipu. Wazee walipiga na kamera zisizo na kipimo chochote. Jua kali la saa sita, weka f/16, muda weka sehemu ya ISO yako: ISO 100, piga kwa 1/100. Angalia picha nyuma, rekebisha. Filamu haikuwa na kuangalia nyuma, sisi tunayo. Kwenye jua la delta, maji yakimeremeta hivi, unahitaji tu kufunga kidogo zaidi. Ndani ya wiki mkono unazoea.

Sasa hoja ya chumvi, hii ni ya kwetu watu wa pwani. Pete kavu haina cha kufa. Ikiingia chumvi unaifuta na kitambaa kikavu. Chipu imegundishwa na gundi, ina vidoti vyembamba, na ikikaa vibaya kidogo inakwaruza pini za kamera, ambazo ndizo za ghali. Mawasiliano yakivurugika baadhi ya EOS zinagoma kupiga, zinaandika Err 01 au Err 99. Fikiria uko kwenye harusi, bwana harusi ndo anaingia, kamera inakuandikia Err. Na pete kavu ingekuwa inapiga tu! Nyongeza ya bei, nyongeza ya kuharibika. Hapo nilikuwa nimeshafunga mjadala.

Nikanunua kavu, elfu 15. Nikashuka nayo nyumbani najiona mtaalamu.

Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba, umeleta? Nimeleta. (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote, wageni msichanganyikiwe.) Nikamfundisha: fungua tundu mpaka mwisho, lenga, funga, piga. Helios 44-2 ina pete mbili kwa kazi hiyohiyo, moja unachagua kikomo, ya pili unafungua na kufunga kwa kidole bila kuangalia. Mie nilipiga picha siku hiyo mpaka raha. Vitu vya mbali ndo kabisa: f/11, lenga kama mita 15, kuanzia mita 8 hivi mpaka upeo wa macho panakuwa pakali pa kutosha. Mashua inakuja unapiga tu, huhitaji mlio wowote. Na ile 58 kwenye kamera ya kioo kidogo inakuwa kama 93, ndiyo yenyewe kwa sura za watu.

Mjomba akapiga mahafali ya darasa la saba. Picha zikaenda Kibiti, zikarudi na boti. Nilikuwa nimekaa naye barazani tukifungua bahasha.

Wadau, karibu nusu ya sura hazikuwa kali. Masikio makali, macho ukungu. Kitambaa cha ukutani nyuma kikali, mtoto ukungu. Mama mmoja alikuja kuchukua ya binti yake, akaitazama, akaigeuza, akairudisha taratibu. Hakusema neno baya. Akasema, mjomba, huyu siye. Mjomba akafungua kibweta akamrudishia hela yake. Wakaja wengine wawili, akarudisha. Jioni akaniambia, mjomba, lenzi haina kosa, macho yangu ndo yamechoka. Labda nikupe uende nayo.

Hapo nikaona aibu. Kwa sababu hoja zangu zote nilikuwa nazipima na macho yangu ya miaka ishirini na kitu. Kwenye f/2, mtu akiwa mita 2 mbele yako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 9 tu kwenda na kurudi. Mtoto akiyumba kidogo, imekwenda. Kioo cha kuchungulia cha 400D ni kidogo na kimetengenezwa kwa lenzi za kujilenga, hakina ile duara ya katikati iliyokatwa waliyokuwa nayo wazee kwenye baadhi ya kamera zao. Na 400D haiwezi kuonyesha picha kwenye skrini ya nyuma kabla hujapiga. Hilo kwa Canon utalipata kwenye 40D ya mwaka 2007, halafu 450D na 1000D za mwaka 2008. Ukiwa na hizo unawasha skrini, unakuza mara 5 au mara 10, unaona unyasi wa kope. Hapo chipu ya nini? Lakini mjomba hana hizo, na mtoto wa darasa la saba hakai akusubiri ukuze.

Tukaanza na vya bure. Pembeni mwa tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kwa macho ya mtu. Miaka yote mjomba hakuwahi kukigusa! Tukakizungusha mpaka vidoti vya ndani vikasomeka, akasema aaah, kumbe. Tukamwambia asipige f/2, apige f/4, ile sentimita 9 inakuwa kama 18. Ikasaidia. Haikutosha. Kwenye jua alikuwa sawa, chini ya mwembe au ndani ya darasa alikuwa anabahatisha. Nikamwambia pia aende akapimwe macho, kwa sababu siyo kila ukungu ni wa uzee. Hilo amekubali, na boti ya kumpeleka tumeshaipanga.

Nikarudi Dar nikanunua yenye chipu. Elfu 60 ya bumu. Jamaa wa Fizikia alicheka mpaka akakaa chini. Nikaituma nyumbani na mtu wa boti, nikampigia simu kumwelekeza kila hatua: fungua tundu, bonyeza nusu, zungusha taratibu, ikilia acha, funga, piga. Nikasikia tii kwenye simu. Mjomba akanyamaza, halafu akasema: imeitika.

Sasa msinielewe vibaya, sijabadilisha dini. Ule mlio nauamini kama ninavyoamini darasa ninapouliza "tumeelewa?" wakanijibu ndiyoooo kwa pamoja. Ni dalili, siyo ushahidi. Ushahidi uko kwenye daftari. Chipu nyingine zinalia kabla hapajafika sawasawa, hasa lenzi ikiwa imefunguliwa sana, na tundu likiwa limefungwa kupita f/5.6 ndo hazitaki kabisa. Kwa hiyo mjomba nimemwambia apige picha tatu za kila mtoto, akuze nyuma aangalie macho ya mtoto, ndipo amwachie aende. Bado kuna zinazoharibika. Lakini awamu ya mwisho aliyopeleka Kibiti amerudisha hela ya mtu mmoja tu. Na pete kavu ipo mfukoni mwake siku zote, chipu ikigoma anabadilisha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Una EOS yenye skrini ya kukuzia na macho yako yanaona? Nunua kavu, elfu 45 kale chipsi au kanunue kadi ya akiba. Una Nikon ndogo? Jaribu mwezi mmoja kwa mkono, ukishindwa ndo ununue. Una kamera ya zamani isiyo na skrini hiyo, na riziki yako inategemea sura za watu wanaotikisika, na macho yanaanza kuaga? Lipa, wala usione haya. Ila kabla ya kulipa zungusha kile kigurudumu, na kapime macho.

Kosa langu lilikuwa kuuliza kama lenzi inastahili chipu. Lenzi ya 1981 haihitaji kitu, imeshakamilika. Aliyekuwa anahitaji ni anayechungulia.

Bumu lililobaki msiniulize. Kesho nina semina saa mbili asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Nawasilisha. Wenye Zenit na Praktica za babu zenu makabatini, zitoeni kwenye soksi tuzione.

Tuko pamoja.